Bariamu titaneti, PZT au KNN: uchague ipi kwa tanuri ulilo nalo

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanapoanza kutafuta mada za miradi, huwa naletewa karatasi ileile. Ni jedwali la kauri za feroelektriki, na safu moja imezungushiwa wino mwekundu: safu ya d33, yaani kiasi cha chaji kauri inachotoa ikikandamizwa. "Shikamoo fundi. Nimeamua kutengeneza hii yenye namba kubwa." Namjibu marahaba, halafu namuuliza tanuri analotaka kutumia linafika nyuzi ngapi, analichangia na nani, na bomba la kutolea hewa chafu linaishia wapi. Mara nyingi hajafikiria hata moja kati ya hayo matatu.

Namba ile ya kwenye jedwali ilipatikana kwa sababu kuna mtu aliyefaulu kuzuia kitu fulani kisitoroke kwenye moto. Wewe ukishindwa kukizuia, namba hiyo hutaiona, hata kama ulipima unga kwa uangalifu wote. Kwa hiyo kauri tatu, bariamu titaneti, PZT na KNN, nitazilinganisha kwa swali hilo: moto ukiwaka, nini kinatoroka, na je, una uwezo wa kukizuia?

Jina lenyewe la feroelektriki kwanza, maana huwachanganya wengi. "Fero" hapa haina uhusiano na chuma. Mwaka 1920 Joseph Valasek, akiwa Chuo Kikuu cha Minnesota, aliona kwamba fuwele iitwayo chumvi ya Rochelle inageuza uelekeo wa chaji zake kwa volteji, na inabaki imegeuka hata volteji ikiondolewa, kama chuma kinavyobaki na usumaku. Jina limetokana na mfanano huo. Bariamu titaneti ilikuja wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikagunduliwa Marekani, Urusi ya Kisovieti na Japani, kila upande kivyake. Kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji) za siku zile zilitegemea ulanga, madini yaleyale yaliyochimbwa milima ya Uluguru, na mbadala ulikuwa unatafutwa kwa haraka. PZT, ambayo ni mchanganyiko wa risasi, zirkoni na titani, ilipata umaarufu mwaka 1954 kutokana na kazi ya Bernard Jaffe na wenzake katika ofisi ya taifa ya viwango ya Marekani. KNN, ya potasiamu, sodiamu na niobi, ilikuwepo tangu miaka ya 1950 lakini haikupewa uzito hadi mwaka 2004, Wajapani walipotoa sampuli yenye d33 ya 416 na isiyo na risasi hata chembe.

Zote unazitumia kila siku, isipokuwa KNN ambayo bado ni nadra kuikuta sokoni. Simu yako ina kapasita ndogondogo za bariamu titaneti zinazofika mamia, hata elfu. Kile kitufe cha jiko la gesi kinachotoa cheche ukikibonyeza kina kipande cha PZT, na kichwa cha mashine ya altrasaundi anachopitishiwa mama mjamzito tumboni nacho kwa kawaida ni PZT.

Hizi hapa namba za kauri za kawaida zilizochomwa kwenye tanuri la kawaida, bila ufundi wa pekee:

| | Bariamu titaneti | PZT (52/48) | KNN (50/50) |
|---|---|---|---|
| Kuchoma kwa kwanza (nyuzi) | 1100–1200 | 800–850 | 850–900 |
| Kusinta (nyuzi) | 1300–1350 | 1200–1280 | 1090–1120 |
| Joto la Curie (nyuzi) | 120–130 | takriban 380 | takriban 420 |
| d33 (pikokulombu kwa nyutoni) | takriban 190 | 220. Zilizotiwa viongezo 290–590 | 80–120 |
| Densiti kamili (g/cm³) | 6.02 | takriban 8.0 | 4.51 |
| Kinachotoroka motoni | hewa ukaa, mara ya kwanza tu | oksidi ya risasi | potasiamu na sodiamu |

Ile 52/48 ni uwiano wa zirkoni kwa titani, na 50/50 ni wa potasiamu kwa sodiamu. Kusinta ndiko kuchoma kwa mwisho, ambako chembe za unga hushikana na matundu kuziba bila kitu kuyeyuka chote. Joto la Curie ni kikomo: likivukwa, kauri inapoteza ule mpangilio wa chaji na inakuwa kauri ya kawaida tu. Safu ya wino mwekundu ni ile ya d33. Mimi naomba usome mstari wa mwisho kwanza.

Ukiusoma hivyo, bariamu titaneti inaonyesha ubora wake mara moja. Kinachoondoka ni hewa ukaa ya kwenye kaboneti, tena unataka iondoke. Bariamu yenyewe haina haraka ya kwenda popote kwenye nyuzi 1300, na titani vilevile. Maana yake ulichopima kwenye mizani ndicho utakachokuwa nacho mwishoni, na hakuna kauri nyingine kati ya hizi inayokupa amani hiyo.

Kwa gramu 100 za bariamu titaneti unapima gramu 84.62 za bariamu kaboneti na gramu 34.25 za titani dioksidi, zote zikiwa zimekaushwa. Jumla ni gramu 118.87, na gramu 18.87 ndizo hewa ukaa. Tumia hesabu hiyo kama kipimo: pima kikombe na unga kabla ya kuchoma na baada ya kuchoma. Ikiwa umepungua gramu 15 tu, kaboneti bado imo ndani. Saga tena, choma tena. Njia hii haina gharama yoyote, na imeniokolea wanafunzi wengi waliokuwa wakingoja wiki tatu zamu ya mashine ya eksirei ili waambiwe jambo ambalo mizani ingewaambia palepale.

Bariamu kaboneti ni sumu. Zamani iliuzwa kama sumu ya panya, kwa sababu asidi ya tumboni inaiyeyusha. Vaa barakoa na glovu, wala chai isiingie chumba cha mizani. Tofauti yake na risasi ni kwamba ikishageuka titaneti na kusintwa imetulia, na haigeuki mvuke ikajaa chumbani.

Kwenye titani kuna mtego ambao mimi mwenyewe uliwahi kuninasa. Titani dioksidi ya bei nafuu ni ile ya kutengenezea rangi za nyumba, nyeupe pee, laini kama wanja. Nilinunua kilo moja, nikafurahia bei. Vidonge vikatoka na densiti nzuri, lakini uwezo wa kuhifadhi chaji ulikuwa chini ya nusu ya nilichotarajia, na kila kidonge kilitoa jibu lake. Ilinichukua muda kujua kwamba chembe za titani ya rangi hufunikwa utando wa alumina na silika ili rangi isipauke kwa jua. Silika hiyo ikikutana na bariamu inatengeneza kioo kati ya punje. Nunua titani ya maabara yenye usafi wa asilimia 99.5 au zaidi na iliyoandikwa wazi kwamba haina utando. Titani yenyewe si ngeni kwetu, mchanga wa Kwale ulichimbwa kwa ajili yake na kusafirishwa nje tangu mwaka 2014. Ila kutoka mchanga ule hadi unga unaofaa kapasita ni safari ya kiwanda kizima cha kemia.

Saga mchanganyiko kwa mipira ya zirkonia ukitumia spiriti badala ya maji, kwa sababu maji huchukua bariamu kidogokidogo na kuvuruga uwiano. Baada ya kuchoma mara ya kwanza, saga tena, tia gundi ya PVA asilimia mbili hivi, kisha bana. Kwa kifinyango cha milimita 10, presi ya mkono ikikupa tani moja inatosha. Panda taratibu, nyuzi moja au mbili kwa dakika hadi 600, gundi iungue yote bila kupasua kidonge. Kutoka hapo nenda nyuzi tano kwa dakika hadi 1320 na ukae hapo saa mbili hadi nne. Chini ya kidonge tandika unga wa bariamu titaneti yenyewe, vinginevyo kitang'ang'ania kigae cha alumina na utakibandua vipande vipande. Uwe mwangalifu ukikaribia nyuzi 1330: titani ikiwa imezidi hata kidogo, hapo hutokea majimaji kati ya punje, na punje chache zinavimba na kuzimeza nyingine.

Kidonge kilichoingia na milimita 10 hutoka na milimita 8.4 hivi, rangi ya maziwa yaliyochachuka. Kiangushe juu ya kigae kutoka urefu wa kidole. Kilichoshikana vizuri hulia kwa sauti kali kama kikombe cha kauri kikigongwa kijiko. Chenye matundu hulia butu kama kipande cha chaki. Weka tone la wino wa kalamu, subiri dakika moja, osha. Doa likibaki, matundu yamefunguka hadi juu na densiti haijafika. Kikiwa cha rangi ya kijivu kinachoelekea buluu, tanuri lilikosa oksijeni. Kirudishe kwenye hewa safi, nyuzi 1000 kwa saa kadhaa, rangi itarudi.

Na kuna sababu nyingine ya kuipenda kauri hii kwa mtu anayejifunza: joto lake la Curie liko karibu. Paka dawa ya fedha pande mbili na uichome, unganisha waya, tumbukiza kidonge kwenye mafuta ya silikoni pamoja na kipimajoto, washa jiko la umeme taratibu. Kidonge cha milimita 8.4 chenye unene wa milimita moja kitakupa takriban pikofaradi 740 kwenye joto la chumba, kama kiwango chake cha kuhifadhi chaji ni 1500. Nyuzi 90, 100, 110, namba zinapanda. Ikikaribia 120 zinapanda mbio, mara kadhaa ya zilipoanzia, halafu kati ya 120 na 130 zinageuka na kuanza kushuka mbele ya macho yako. Fuwele imebadilisha umbo, kutoka la mraba lililonyooshwa upande mmoja hadi mchemraba kamili. Nimeiona mara nyingi sana, na bado siku ya kipimo hicho naacha kazi nyingine nije nitazame. Kwa PZT au KNN jambo hilohilo liko karibu na nyuzi 400, ambako mafuta yanaungua na kinachohitajika ni vifaa vya aina nyingine.

Sasa PZT. Risasi ni takriban asilimia 64 ya uzito wake. Oksidi ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 888, na unataka kuisinta kauri kwenye 1250. Waliofaulu huweka vidonge ndani ya kikombe cha alumina, wakavifukia kwa unga wenye risasi ya ziada, kwa kawaida risasi zirkoneti, wakafunika na kikombe cha pili kikubwa zaidi, wakaziba ukingo. Mvuke wa risasi unajaa humo ndani na kuizuia risasi ya kidonge isitoke. Uzito ukipungua zaidi ya asilimia moja, ule uwiano wa 52 kwa 48 ulioufuata kwa jasho unakuwa hauna maana tena, kwa sababu uso wa kidonge umebaki na zirkoni bila risasi.

Kisichoonyeshwa kwenye jedwali ni wapi ile risasi iliyotoka imekwenda. Imeingia kwenye matofali ya tanuri. Wiki ijayo mwenzako akichoma udongo wa mradi wake humo, inatoka tena. Risasi hushambulia na alumina vilevile, kwa hiyo vikombe vyako ni vya kutupwa baada ya muda, na vinatupwa kama taka ya sumu. Wasomaji wa Pwani hawahitaji kuelezwa mengi: Owino Uhuru, Mombasa, risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu iliingia kwenye udongo na kwenye damu za watoto, na kesi yake ikafika mahakamani. Kiasi chetu cha maabara ni kidogo sana ukilinganisha, lakini chumba nacho ni kidogo, na mtu anayesimama mbele ya tanuri ni yuleyule kila siku.

Ulaya ilizuia risasi katika vifaa vya elektroniki kuanzia Julai 2006, ila kauri za aina hii zikaachiwa msamaha, kwa sababu hakukuwa na mbadala unaozifikia kwa kazi zote. Msamaha huo unakuambia PZT ni nzuri kiasi gani.

Ushauri wangu kwa anayehitaji d33 kubwa kwa ajili ya kihisi, king'ora au kifaa cha altrasaundi: nunua diski za PZT zilizokwisha kutengenezwa, zilizopakwa fedha na kupangwa uelekeo wa chaji. Ni za bei ya chini, na muda utakaookoa uutumie kwenye sakiti. Hapo utakutana na uamuzi mwingine, wa ngumu na laini. PZT-4 ni ngumu, d33 yake ni karibu 290 na Curie ni nyuzi 328. Inavumilia volteji kubwa bila kupata joto sana, inafaa kwa mashine za kusafishia au kuunganisha kwa mawimbi ya sauti. PZT-5H ni laini, d33 inafika 590, inasikia mtikisiko mdogo sana, lakini Curie yake ni nyuzi 193 tu. Pasi ya kuchomelea waya iko kwenye 350. Ukiing'ang'aniza pale sekunde kumi umeua kipande, ingawa kwa macho hakijabadilika chochote. Gusa, acha.

KNN inavutia moyo, na ninawaelewa wanaoitaka. Haina risasi, Curie iko juu, na joto la kusinta ni dogo kuliko zote tatu, hata tanuri la nyuzi 1200 linaitosha. Ila jaribu kuipima hapa Pwani wakati wa masika. Weka potasiamu kaboneti kwenye mizani yenye desimali nne, usiguse kitu, tazama kioo. Namba zinapanda zenyewe. Unga unavuta unyevu wa hewani, na unachopima sasa ni potasiamu na maji. Dawa ni kuukausha nyuzi 200 usiku mzima, uhamishie kwenye chombo chenye silika jeli, upime haraka ukiwa bado una uvuguvugu. Mwanafunzi mmoja alikuwa akipima saa saba mchana, feni ikipuliza juu ya meza. Alipohamia alfajiri na kuzima feni, sampuli zake zikaanza kufanana.

Ukivuka hapo, dirisha la kusinta ni jembamba. Nyuzi 1080 haijashikana, 1110 iko sawa, 1140 imeanza kuyeyuka na unakuta kidonge kimekuwa kama peremende iliyonyonywa. Matanuri mengi ya maabara zetu yana tofauti ya nyuzi 15 kati ya kipimo cha ukutani na mahali kidonge kilipo, kwa hiyo kabla ya kuigusa KNN pima joto la pale katikati kwa thamokapo (kipimajoto cha waya) ya pili. Oksidi ya shaba kidogo, asilimia moja au chini yake, inasaidia kushikana. Na sampuli ambayo uwiano wake umepotoka inaweza kutoka nzima kwenye tanuri, ukaiweka mezani, na baada ya siku kadhaa za unyevu ikaanza kumomonyoka.

Tena d33 ya 416 ya mwaka 2004 ilipatikana kwa viongezo vya lithiamu, tantali na antimoni, na kwa kupanga punje zote zielekee upande mmoja. KNN tupu ya tanuri la kawaida itakupa 80 hadi 120, chini ya bariamu titaneti. Wengi hawalitazami hilo.

Kuhusu usafi wa mazingira nako kuna la kusema. Niobi imo kwenye koltani ya Kivu na Rwanda pamoja na tantali, ingawa sehemu kubwa ya niobi ya dunia hutoka Brazili, hasa Araxá. Mwaka 2016 watafiti wa Sheffield walilinganisha PZT na KNN kuanzia mgodini na wakakuta kwamba, kwa vipimo vingi vya madhara kwa mazingira, uchimbaji na usafishaji wa niobi unaiweka KNN pabaya kuliko PZT. Hilo halifanyi risasi kuwa salama kwa anayeichoma. Linamaanisha tu kwamba neno "isiyo na risasi" pekee halitoshi kuandikwa kwenye pendekezo la mradi kana kwamba limemaliza mjadala.

Ukishachagua kauri, unachagua namna ya kusinta. Njia ya kawaida, kupanda na kukaa kisha kushuka, inatosha kwa wengi. Kasoro yake kwa bariamu titaneti ni ukubwa wa punje. Punje zikiwa za mikroni kumi na zaidi, kiwango cha kuhifadhi chaji huwa 1500 hadi 2000. Zikiwa karibu na mikroni moja kinafika 5000. Kwa mtu wa kapasita hiyo ni tofauti ya kila kitu. Ndipo inapoingia njia ya hatua mbili, iliyoonyeshwa na Chen na Wang mwaka 2000 kwa oksidi ya itriamu: unapanda haraka hadi joto la juu, hukai, unashuka nyuzi 100 hadi 150, kisha unakaa huko saa nyingi, kumi hata ishirini. Kwenye joto hilo la chini matundu yanaendelea kuziba lakini punje hazina nguvu ya kukua. Haihitaji kifaa kipya, ila kidhibiti cha tanuri chenye programu ya hatua kadhaa.

Inahitaji pia umeme usiokatika saa ishirini, na hapo mambo ya karatasini yanakutana na mambo yetu. Umeme ukikatika katikati ya kusinta, bariamu titaneti inakusamehe: unawasha tena, unamalizia, punje zimekua kidogo basi. PZT kila ukirudia kupanda inapoteza risasi nyingine, na KNN hivyohivyo kwa potasiamu. Kama hamna jenereta inayobeba tanuri, njia ya kawaida ya saa mbili ni ya busara kuliko ya hatua mbili ya saa ishirini, hata kama punje zitakuwa kubwa. Anza saa kumi na moja alfajiri.

Njia za kisasa nitazipita haraka. Kusinta kwa mkondo wa umeme ndani ya kifinyango cha grafiti kunachukua dakika chache na kunatoa punje ndogo sana, lakini mashine ni ghali na kidonge hutoka cheusi, kimenyang'anywa oksijeni, kikalazimika kuchomwa tena hewani. Kusinta kwa baridi, kulikotangazwa na kundi la Clive Randall la Penn State mwaka 2016, kunatumia maji kidogo, shinikizo kubwa na joto lisilofika nyuzi 300. Nalifuatilia kwa matumaini makubwa, kwa sababu presi yenye joto iko ndani ya uwezo wetu. Kwa bariamu titaneti hata hivyo wao wenyewe walilazimika kuichoma baadaye kwenye nyuzi 700 hadi 900 ili namba zikae sawa.

Je, ununue unga uliokwisha kuchomwa? Kwa bariamu titaneti, ndiyo, kama mradi wako ni kusinta au kutengeneza kapasita. Unga wa viwandani wa chembe za nusu mikroni utakushinda tu ukishindana nao kwa mipira na kinu. Tengeneza mwenyewe kama unachotaka kujifunza ni utengenezaji, au kama unatia viongezo vyako.

Basi mwenye tanuri la nyuzi 1400 na zamu ya pamoja, achukue bariamu titaneti bila kusita. Mwenye tanuri linaloishia 1200 ana njia mbili. Atie bariamu titaneti lithiamu floridi kidogo, ambayo inashusha kusinta hadi chini ya nyuzi 1000 lakini inasogeza kilele cha Curie kuelekea joto la chumba, jambo ambalo kwa kapasita linaweza hata kumfaa. Au achukue KNN, kwa sharti kwamba ana thamokapo ya pili, chumba kikavu na miezi sita ya subira. Anayetaka kupanga uelekeo wa chaji, kwa yoyote kati ya hizi, ajue anahitaji kilovolti mbili hadi nne kwa kila milimita ya unene. Hiyo haifanywi peke yako maabarani, na mafuta hayaguswi kabla ya chanzo kuzimwa na waya kuunganishwa na ardhi.

Na yule aliyezungusha wino mwekundu, anayesisitiza kuichoma PZT mwenyewe kwa sababu utafiti wake ni wa viongezo vya PZT na hakuna diski ya dukani yenye viongezo hivyo? Simkatalii. Namwomba tanuri dogo la bomba lililotengwa kwa risasi peke yake, lenye maandishi mlangoni, kofia ya kuvuta hewa yenye kichujio, nguo za kazi zinazobaki maabarani, kipimo cha risasi kwenye damu kabla ya kuanza na tena baada ya miezi mitatu, na daftari lenye uzito wa kila kidonge kabla na baada ya moto. Daftari hilo nalisoma mimi kila Ijumaa.